Fainali Ichezwe Siku ya Sita Baada ya Mwezi Kujaa

Baraka, 26 Februari 2024

Ndugu Mpangaji wa Ratiba ya Kombe la Mataifa ya Afrika,

Nakuandikia bila kujua jina lako. Nimelitafuta katika ratiba ya mashindano yaliyomalizika juzi huko Côte d'Ivoire, sikulikuta. Kuna majina ya viwanja, majina ya waamuzi, hata majina ya wauza vinywaji. Jina la mtu aliyechagua tarehe halipo. Sikulaumu. Kama ningekuwa nimefanya ulichofanya, mimi pia nisingeweka sahihi.

Naitwa Wilfried Asukulu, mwalimu wa historia hapa Baraka, mji wa wilaya ya Fizi, mashariki ya Kongo, ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Naandika kwa niaba ya yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, Déogratias, nahodha wa mitumbwi ya kuvua ndagala, ambaye hajaniomba nimwandikie. Jambo hilo lisikusumbue. Mara nyingi mwenye haki ndiye wa mwisho kujua kwamba amedhulumiwa.

Shauri lenyewe nalisema mapema, usije ukadai nilikuzungusha. Yaya ana miaka sitini na saba. Alizaliwa mwaka 1957, mwaka uleule Kombe lako lilipochezwa kwa mara ya kwanza. Ana ugonjwa wa presha ya macho. Mganga wa macho aliyepita hapa mwaka jana alimwambia kwamba jicho la kushoto limekwisha, la kulia lina miaka miwili, labda mitatu, na kilichopotea hakirudi. Nchi yetu imelitwaa Kombe mara mbili, na mara zote mbili yeye alisikia tu kwa redio ya jirani. Nataka alione likiinuliwa kwa jicho lililobaki. Kinachomzuia si jicho, Ndugu Mpangaji. Ni wewe. Malalamiko yangu ni haya.

1. Umepanga mechi bila kuuliza mwezi.

Labda hujawahi kula ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa hiyo nitaanza na msingi. Ndagala huvuliwa usiku, kwa taa. Taa inawashwa katikati ya ziwa, samaki wadogo wanaifuata, wavu unapanda chini yao. Lakini mwezi ukijaa, nuru iko kila mahali, na ndagala hawana sababu ya kuja kwenye yetu. Ndipo wavuvi wanarudi nchi kavu, wanashona nyavu, wanakata nywele, wanagombana na wake zao na kutazama mpira. Kwa yaya wangu wavu haurudi majini kabla ya siku ya saba baada ya mwezi kujaa. Ni desturi yake, aliipokea kwa baba yetu, na hata njaa haijawahi kumfanya aivunje.

Sasa tazama ulichofanya. Mwezi ulijaa tarehe 25 Januari. Wewe ukaweka nusu fainali tarehe 7 Februari, mechi ya nafasi ya tatu tarehe 10, fainali tarehe 11. Mwezi mpya uliingia kati ya tarehe 9 na tarehe 10! Kama ungetumwa na adui kutafuta usiku mweusi kuliko wote, usingepata mwingine. Wanaume wote wa mwambao huu, kutoka Mboko hadi Kazimia, walikuwa majini. Kwenye chumba cha video tulibaki walimu, mafundi cherehani na mchungaji mmoja wa kanisa aliyekuwa akisinzia.

2. Usiniambie kwamba kalenda haiguswi.

Mimi ni mtu wa historia, usinijaribu. Mashindano haya ya juzi yanaitwa ya mwaka 2023, nayo yamechezwa mwaka 2024, kwa sababu wenyeji waliogopa mvua. Yaliyotangulia yanaitwa ya 2021, yakachezwa 2022, kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka 2013 mliyahamisha kutoka miaka ya shufwa kwenda miaka ya witiri, yasigongane na Kombe la Dunia. Mwaka 2019 mkayapeleka Juni na Julai ili vilabu vya Ulaya visikose wachezaji wao katikati ya msimu.

Basi mvua imesikilizwa, homa imesikilizwa, Ulaya imesikilizwa. Mwezi, ambao ni mkubwa kuliko Ulaya na uliumbwa kabla yake, haujasikilizwa hata mara moja. Nauliza kwa heshima: mwezi ungepaswa kununua klabu gani ili nao upewe nafasi ya kusema?

3. Historia yote iko upande wangu.

Hapa naomba ukae vizuri. Nimechukua kalenda za misheni ambazo marehemu mama hakuwahi kuzitupa, zile zenye kaduara keusi na kaduara keupe pembeni mwa tarehe. Palipokosekana kalenda nimehesabu kwa kurudi nyuma, siku ishirini na tisa na nusu kwa kila mwezi. Kazi hiyo imenichukua majuma mawili na daftari tatu za wanafunzi.

Mwaka 1968, huko Addis Ababa, Kongo iliifunga Ghana moja kwa bila na kulitwaa Kombe. Tarehe 21 Januari. Mwezi ulikuwa umejaa tarehe 15. Siku ya sita.

Mwaka 1974, huko Kairo, tulitoka sare mbili kwa mbili na Zambia tarehe 12 Machi, fainali ikarudiwa tarehe 14, tukashinda mbili kwa bila. Mwezi ulikuwa umejaa tarehe 8. Hesabu mwenyewe kwa vidole. Siku ya sita! Mechi ya kwanza ilikuwa sare kwa sababu ilichezwa siku ya nne, ilikuwa bado mbichi.

Miezi mitatu baadaye timu ileile, miguu ileile, ikaenda Ujerumani kwenye Kombe la Dunia. Tarehe 18 Juni ilifungwa na Yugoslavia mabao tisa kwa bila. Watu wameandika mengi juu ya mabao hayo tisa: kocha, marupurupu, vitisho, kipa aliyetolewa mapema. Hakuna hata mmoja aliyeangalia juu. Mwezi mpya ulikuwa tarehe 20 Juni, na giza lilikuwa kubwa kiasi kwamba siku hiyo hata jua lilipatwa. Nenda kaulize wataalamu wa nyota. Jua lenyewe lilifunika uso, na ninyi mlitaka mabeki wetu waone mpira?

Mwaka 2015 tulipata nafasi ya tatu kwa penalti, siku tatu nne hivi baada ya mwezi kujaa. Na mwaka huu, tarehe 28 Januari, mwezi ukiwa bado mnene, tuliitoa Misri kwa penalti nane kwa saba. Tarehe 2 Februari tukaifunga Guinea tatu kwa moja. Utaniambia hiyo ilikuwa siku ya nane na wavuvi walikuwa wamekwisha kutoka. Hawakuwa wametoka. Upepo wa ziwa uliwazuia, wakabaki Baraka, wakashangilia, tukashinda. Hata upepo unajua mpira kuliko wewe.

Ulipofika tu usiku wa giza, mambo yakaharibika. Nusu fainali, bila kwa moja mbele ya Côte d'Ivoire. Nafasi ya tatu, penalti tano kwa sita. Huo ni ushahidi ambao ungeweza kumfunga mtu.

4. Umewanyang'anya wavuvi sauti zao.

Utasema wana redio. Ndiyo, wanayo, yaya huifunga ndani ya sufuria yenye kifuniko ili isilowe. Lakini chini ya taa hakuna kelele. Ndagala wakianza kupanda, mtu akipiga kelele au hata akikanyaga ubao vibaya, wanatawanyika kama wanafunzi wakimwona mkuu wa shule, na usiku wote umekwenda bure. Kwa hiyo watu saba wa chombo kimoja wanashangilia taifa lao kwa kuuma mikono ya makoti. Kijana mmoja wa chombo cha jirani, anaitwa Lionel, tarehe 7 alisahau. Mpira wetu ulipita karibu na mwamba, akaruka. Asubuhi chombo chao kilileta nusu ndoo. Mama yake, Pulchérie, alimngoja mchangani mbele ya watu wote: "Lionel, ile kelele yako, leo njo utaikula na bugali!"

Sasa chukua mwambao mzima, maelfu ya makoo yaliyofungwa, na uniambie kwamba timu haikuyakosa. Tarehe 28 Januari, dhidi ya Misri, kipa wetu alipoweka mpira chini kupiga penalti ya mwisho, Baraka ilipiga kelele mpaka mbwa wakakimbilia Fizi mjini. Mpira ukaingia. Tarehe 10 Februari Baraka ilikuwa kimya. Mpira haukuingia. Mimi nafundisha watoto kwamba kila tukio lina sababu.

5. Hata wa milimani umewaacha nje.

Usidhani hili ni shauri la wavuvi tu. Kuna bwana mmoja wa milimani, Gad Bizimana, mfugaji wa ng'ombe. Mwezi ukiwa mkubwa hushuka na jibini yake, huiuza, hutazama mpira nasi, kisha hurudi kwake usiku njia ikiwa inaonekana. Usiku wa giza hashuki. Barabara hiyo hakuna mwenye akili anayeipita gizani, nawe sina haja ya kukueleza kwa nini. Mimi na Gad tuna mambo mengi ambayo hatukubaliani, na nimemwandikia barua ndefu kuliko hii juu ya mambo hayo. Lakini tarehe 28 Januari alifika chumba cha video dakika za mwisho, akagonga mlango kwa fimbo: "Wilfried, fungua! Penalti haingojeke mutu!" Ilipoingia ile ya mwisho nilijikuta nimemkumbatia, na yeye amenikumbatia, na jibini ilikuwa katikati yetu. Ilichukua sekunde kama kumi kabla hatujakumbuka sisi ni akina nani. Mashirika ya kupatanisha watu wa milimani na wa mwambao yametumia miaka mingi na magari mengi meupe kutafuta sekunde kumi kama hizo. Mwezi ulitupa bure, kisha wewe ukauzima.

6. Hili ndilo linaloniuma.

Tarehe 7 Februari, kabla ya nusu fainali, wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Dunia nzima iliona. Walifanya hivyo kwa ajili ya mashariki ya Kongo, ambako watu wanauawa na dunia imenyamaza. Yaani kwa ajili yetu. Miaka yote hii timu ya taifa inacheza, na siku moja tu imegeuka kutuangalia, nayo imegeuka kwa ishara, bila neno.

Sasa niambie, Ndugu Mpangaji: redio inatangazaje mdomo uliozibwa? Walimu na mafundi cherehani waliona. Mchungaji aliamka, akaona. Watu wenyewe walioambiwa jambo hilo walikuwa katikati ya ziwa na sufuria. Yaya wangu ana jicho moja lililobaki, na kitu pekee ambacho nchi hii imewahi kumwambia kwa macho, alikikosa kwa sababu ya tarehe.

Baada ya hayo, maombi yangu ni machache na ya kiasi.

Kwanza, fainali zote kuanzia sasa zichezwe siku ya sita baada ya mwezi kujaa. Mawingu yakiufunika mwezi, isubiriwe.

Pili, zile penalti za tarehe 10 zirudiwe, wavuvi wakiwa nchi kavu. Nimependekeza tarehe 30 Machi. Wapinzani wetu wa Afrika Kusini ni watu waungwana, watafahamu.

Tatu, mabao tisa ya mwaka 1974 yafutwe. Najua Kombe la Dunia si lako, lakini wewe ni mwenzao, wapelekee habari. Mechi iliyochezwa siku mbili kabla ya jua kupatwa si mechi, ni ajali.

Nne, mkiona maombi hayo ni mazito, basi Kongo iingizwe moja kwa moja fainali ijayo bila kucheza mechi nyingine, ili tuchague tarehe kwa utulivu. Usicheke. Mwaka 1957 zilikuja timu tatu tu Khartoum. Ya nne, Afrika Kusini, ilizuiwa kwa sababu serikali yake haikukubali weupe na weusi wacheze pamoja. Ethiopia iliyokuwa ikutane nayo ikapita mpaka fainali bila kugusa mpira, ikafungwa nne kwa bila na Misri, na mpaka leo vitabuni ni ya pili Afrika kwa mwaka ule. Sisi hatuombi zaidi ya walichopewa wengine. Na tungefungwa kidogo kuliko hapo.

Tano, kama yote hayo hayawezekani, mhamishe Kombe zima lije kuchezwa Baraka. Uwanja tunao. Sehemu ya kona moja imechukuliwa na ziwa, lakini kona tatu zinatosha kwa timu zinazojua kucheza.

Shemeji yangu Marthe, mke wa yaya, nilimpitia jana mchangani akianika ndagala, nikamweleza kwa ufupi. Hakusimamisha mikono. "Shemeji," akasema, "ile kikombe yenu, siku itakuya huku, itatupikia?" Naliweka hapa swali lake kwa uaminifu, ingawa halina uhusiano na shauri, ili usiseme nimeficha maoni ya akina mama.

Nasubiri jibu lako kabla ya mwezi mpya ujao. Nisipolipata nitaandika tena, kwa urefu zaidi, na nakala nitazipeleka kwa watu wenye kalenda.

Wasalimie wenzako wa ofisini, waamuzi wote, yule anayeshika saa ya dakika za nyongeza, na watu wa nyumbani kwako. Hapa wote wanakusalimu: wavuvi walio nchi kavu juma hili, wafugaji walioshuka, wanafunzi wangu wa darasa la tano ambao wamenisaidia kuhesabu badala ya kufanya mtihani. Afya kwako na kwa macho yako.

Mimi, nisiye na kinyongo bali hoja tu,

Wilfried Asukulu,
Mwalimu wa historia, Baraka

Nyongeza. Barua nilikuwa nimekwisha kuifunga. Jioni hii nilimpelekea yaya nimsomee, kwa kuwa inamhusu. Alikuwa ameketi juu ya wavu akishona kwa kupapasa, jicho halimsaidii tena kwa uzi mwembamba. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Kwa kuwa mimi ni mtu wa ukweli, naandika aliyoyasema kama alivyoyasema.

"Mudogo," akasema, "ile ya 2015, kwa nini umeandika nusu? Mbele ya ile ya nafasi ya tatu tulicheza na bale bale ba Côte d'Ivoire. Mwezi ilikuwa imejaa usiku wa mukesha yake, ilikuwa sawa sahani. Siye bote tulikuwa mu chumba cha video. We ulisimama mbele ya ekrani, ukatufundisha historia. Balitupiga tatu kwa moja."

Nimeangalia. Tarehe 4 Februari 2015. Kaduara ni keupe kabisa. Sijui daftari zangu zilikarukaje.

Nikamwambia basi tuache hesabu, tubaki na jicho lako tu. Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Nani alikuambia mi naomba kuona? Pale kwenu kila mutu iko kocha. Kila mutu iko nasema. Na we njo unapita bote. Kule kwa maji, tuko bantu saba, taa, redio kidogo. Ile siku mutangazaji alinyamaza, akasema bamefunika vinywa. Siye tulikuwa tumesha funika. Hakuna mutu alipumua. Mi nilisikia yote. Waambie wasiguse giza yangu."

Kwa hiyo, Ndugu Mpangaji, ombi la kwanza liondoe. La pili na la tatu yalisimama juu ya la kwanza, yaondoe pia. La nne na la tano fanya utakavyo.

Nilimuuliza kama nusu fainali ijayo ikiangukia usiku wa giza, chombo chake kinaweza kubeba mtu wa nane. Aliendelea kushona. Alisema kinaweza, mtu huyo akinyamaza. Nimekubali dakika tisini. Nakuomba sana, safari hii, zisiwepo dakika za nyongeza.